Dawa Gani, Mama?

Karatasi ya shule ilikuwa na mistari mitatu tu ya kujaza: jina la mtoto, jina la mzazi, na opsioni. Ule wa tatu niliukosea.

Opsioni ni tawi la masomo ambalo mtoto anachagua akimaliza miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Akishaingia mwaka wa tatu hakuna kugeuka tena, kwa sababu ndilo litakaloandikwa kwenye diploma yake. Shule iliyokuwa karibu na kambi yetu ya wafanyakazi ilikuwa na opsioni tatu za sayansi: Math-Physique, yaani hesabu na fizikia, Bio-Chimie, yaani biolojia na kemia, na Chimie Industrielle, kemia ya viwandani. Mimi nilisoma madarasa sita ya msingi, halafu miaka miwili ya kushona kwa masista. Nilijaza Bio-Chimie kwa herufi kubwa, nikapeleka karatasi mwenyewe bila kumwambia binti yangu, nikitaka afurahi siku atakapoikuta imekwisha kufanyika. Niliporudi nyumbani nilijiona mama mwenye akili.

Binti yangu alikuwa hajakaa kwenye benchi la shule karibu miaka miwili. Kwanza walimu waligoma, kisha shule zikafungwa, kisha zikafunguliwa majuma machache na kufungwa tena. Katikati ya mambo hayo baba yake aliugua. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mgodi kama karibu kila mwanaume wa mtaa wetu. Alipoingia hospitali, daktari aliandika dawa kwenye karatasi, na mimi nikaizungusha karatasi ile mjini siku tatu. Hospitali haikuwa na kitu. Duka la dawa la kwanza halikuwa na kitu. Muuzaji mmoja sokoni alinionyesha vidonge akasema ni vile vile, ila rangi tu imebadilika. Niliporudi na nusu ya zile dawa, mume wangu alikuwa amekwisha kuondoka duniani.

Sitaki kueleza zaidi juu ya kifo chake. Nimekitaja kwa sababu moja: tangu siku ile nilikuwa na neno moja kichwani, dawa, na kila nilichosikia nilikisikia kupitia neno lile.

Jirani yetu, ambaye nyumba yake iligusana ukuta na yetu, alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai zamani, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Wakati wa kilio alikaa nasi siku zote, akipasua kuni na kupanga viti. Siku tuliyofagia kiwanja na watu kuanza kurudi makwao, alinikuta nimesimama mlangoni na binti yangu.

"Mama," akaniambia, "huyu mutoto asikae bure. Masomo haifunguke leo, haifunguke kesho. Alete kayé yake kwangu asubui. Nitamufundisha."

Kayé ni daftari. Nikamwuliza atamfundisha nini.

"Mutoto mwenyewe anataka nini?"

Kabla binti hajajibu, nikajibu mimi. "Anataka mambo ya dawa, mwalimu. Alikuwa anasema vile hata papa yake akingali muzima."

Na ni kweli alikuwa akisema. Mwalimu akamgeukia.

"Kweli? Dawa?"

"Ndiyo, mwalimu," binti akasema. "Mi nataka dawa."

"Bon. Tutaanza na kemia."

Tukafurahi watu watatu, kila mmoja na furaha yake.

Alimfundisha barazani kwake kila asubuhi, binti akishateka maji. Ubao wao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa weusi wa betri zilizopasuliwa. Kwa chaki walitumia vipande vya mhogo mkavu, na ukitaka kufuta ulifuta kwa kitambaa chenye maji. Mimi nilikaa upande wangu nikichambua maharagwe au sombe, majani ya mhogo, nikisikiliza. Nilisikiliza sana, lakini sikuelewa. Nilisikia asidi, chumvi, gramu, mizani. Mwalimu alileta ndimu, majivu, misumari, na yale mawe ya kijani ambayo watoto wanaokota kwenye vilima vya takataka za mgodi. Siku moja aliponda jiwe la kijani mpaka likawa unga, akamwagia maji makali ya betri ndani ya chupa ya jamu. Ikatoa povu, na maji yakawa ya buluu safi. Kisha akatumbukiza msumari. Alipoutoa ulikuwa mwekundu kama shaba mpya, na kweli ilikuwa shaba. Binti yangu alipiga kelele ya furaha ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kilio.

Nikauliza toka upande wangu: "Mwalimu, hii njo ya hospitali?"

Akacheka. "Mama, mwanzo wa bintu yote njo hapa!"

Nililichukua jibu hilo, kwamba mwanzo wa vitu vyote ndio huo, nikaridhika nalo. Leo nikikumbuka najiuliza kwa nini sikuuliza mara ya pili. Mwaka mzima sikusikia neno moyo, wala damu, wala mapafu, na sikuona ajabu. Kichwani nilikuwa nimekwisha kumvika koti jeupe.

Halafu yakaja yale ya kufukuza watu.

Walioishi mkoani Katanga siku zile hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwepo nitawaambia kwa ufupi. Kazi ilikuwa inakufa. Unga wa posho wa kampuni ulikuwa haufiki tena, mashine zilisimama moja baada ya nyingine, na umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja ukipenda. Watu wakatafuta wa kulaumu. Ikasemwa kwamba wenye asili ya Kasai wamechukua viti vyote, warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapa. Vijana walitembea wakiimba na kuwaita bilulu, yaani wadudu. Baadhi ya vijana hao nilijua mama zao.

Siku walipofika kwa mwalimu ilikuwa mchana, jua kali. Walimpa mpaka kesho yake awe ameondoka. Mimi nilikuwa ndani, mlango nimeufunga, na kupitia ukuta ule mmoja nilisikia sahani zikipangwa ndani ya sanduku. Sikutoka. Watu wangu ni wa kaskazini ya Katanga, mlango wangu haukuwekwa alama kama ule wa mwalimu, na hakuna ambaye angenigusa kama ningetoka kusaidia kubeba godoro. Hata hivyo sikutoka. Na nikisema kweli yote, jambo la kwanza lililoniumiza siku ile halikuwa mwalimu wala mke wake. Niliwaza: sasa nani atamaliza hesabu na mtoto?

Juma hilo hilo shule ikatangaza kufunguliwa. Ndipo nilipojaza ile karatasi. Prefe, yaani mkuu wa shule, aliitazama akaniuliza ripoti ya mwaka uliopita. Nikasema mtoto alisoma nyumbani. Akasema basi, mtoto ataleta karatasi ya mtu aliyemfundisha, kueleza alichofundishwa, kisha Jumatatu atafanya mtihani wa Bio-Chimie pamoja na wengine wasio na ripoti. Prefe huyu alikuwa mpya. Yule wa zamani alikuwa amefukuzwa, yuko tayari stesheni ya treni na watoto wake. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo, na hata akiwa ofisini filimbi ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

Kwa hiyo Ijumaa nikaenda stesheni kutafuta saini ya mwalimu, pamoja na binti yangu na kayé yake.

Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kaa pale majuma. Walingoja mabehewa ya kuwapeleka kupitia Kamina mpaka Kasai, ambako wengine hawakuwahi kufika. Vyombo vya nyumba vilikuwa vimepangwa chini kama nyumba zilizoondolewa kuta: kitanda, cherehani, mbabula, yaani jiko la makaa, yenye moto, mtoto amelala, kitanda kingine. Tulimkuta mwalimu amekaa juu ya sanduku, ndevu zimeota. Mke wake alikuwa anafua nguo ndani ya maji machafu kabisa. Nikasalimia. Nikatoa kayé, nikaanza kueleza habari ya prefe, ya ripoti na ya Jumatatu.

Mke wa mwalimu akaacha kufua.

"Mama," akasema, "ulileta karatasi. Mayi haukuleta?"

Nilikuwa nimetoka nyumbani kwangu, ambapo bomba lilikuwa bado linatoa maji asubuhi, nikaja stesheni mikono mitupu isipokuwa daftari. Binti yangu alichukua ndoo ya yule mama bila kuambiwa, akaenda kutafuta. Mwalimu akaona aibu kwa ajili yangu, akajaribu kuongea juu ya shule.

"Ulimuandikisha wapi?"

"Bio-Chimie."

"Bio-Chimie?" Akanitazama. "Nani alichagua?"

"Si njo vile tulipatana, mwalimu? Dawa."

"Dawa gani, mama?"

"Dawa! Dawa ya wagonjwa. Awe daktari, ama awe wa farmasi. Mwaka mzima unamufundisha dawa!"

Mwalimu alifungua mdomo akaufunga. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamshika mpaka akakohoa na kujishika mbavu.

"Unacheka nini?" mke wake akamkaripia. "Hapa batu banakufa, weye unacheka."

"Ngoja, ngoja. Mama huyu ataniua. Mwaka muzima mi nafundisha mutoto kuyeyusha mawe, na yeye anangoja sindano!"

Binti yangu alirudi na maji nusu ndoo akamkuta anafuta machozi. Akauliza kuna nini. Mwalimu akamwambia: "Mama yako amekuandikisha Bio-Chimie."

"Bio?" Akaweka ndoo chini. "Mama! Juu ya nini?"

"Weye mwenyewe ulisema dawa!"

"Dawa ya ku labo, mama! Dawa ya papa!"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na sijui niseme nilikumbuka au niliacha kujifanya nimesahau. Mume wangu alifanya kazi katika labo, yaani maabara, ya kiwanda. Hakuwa mwenye elimu kubwa. Aliosha chupa za vioo na kupima unga wa mawe, ili wenye elimu wakifika wakute kila kitu tayari. Na yale maji makali yote, ya njano, ya buluu, ya kuchoma vidole, watu wa labo waliyaita dawa. Dawa ya kuyeyusha. Dawa ya kusafisha. "Leo dawa imenirukia," alikuwa anasema akinionyesha tundu kwenye shati, na mimi nilishona matundu hayo miaka kumi na minne. Nililijua neno lile kama nilivyolijua shati lenyewe. Binti yangu alikuwa amekaa miguuni pa baba yake akisikiliza hadithi za labo, akasema anataka dawa, na mimi nikasikia hospitali.

Nilikasirika. Ingefaa niseme nilihuzunika, lakini nilikasirika. Nilimkasirikia mtoto kwa kutoeleza, mwalimu kwa kutouliza, hata marehemu kwa kuita asidi dawa. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hakuna aliyewahi kuponywa na jiwe.

"Hata papa hakuponywa na daktari," binti akasema.

Mke wa mwalimu alirudi kwenye nguo zake. Nadhani alituonea huruma, na hilo lilinichoma kuliko kama angetutukana.

Mwalimu akachukua kayé. Ukurasa wa mwisho akaandika kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, yote aliyomfundisha: asidi na besi, chumvi, kupima, kuchuja, hesabu hadi wapi, fizikia hadi wapi. Biolojia akaandika: hapana. Kisha akanirudishia.

"Hujaweka saini, mwalimu."

"Sitaweka."

"Prefe anataka saini."

"Mama, tazama hapa nilipokaa." Akapiga sanduku kwa kiganja. "Ukimupelekea jina langu, atasema huyu mutoto ni wa kwetu, wa Kasai. Mukono wangu utamuharibia. Kimbia ubadilishe ile opsioni mbele ya Jumatatu, njo kazi yako. Na weye," akamwambia binti, "usiniandikie jina yangu popote. Umesikia?"

Binti aliichukua kayé mkononi mwangu, akaifunga.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa prefe. Nikamwambia nimekosea, ninaomba kubadilisha iwe Chimie Industrielle. Akaniuliza kwa nini. Nikaona aibu kumweleza habari ya neno moja, nikasema tu kwamba mtoto amebadili mawazo.

"Ndugu yangu," akasema, kwa sababu alikuwa amekwisha kuuliza kijiji changu na kukuta si mbali na chao, "batoto hawabadilishe mawazo. Ni sisi tunabadilisha. Liste ya majina imefungwa. Na ile Chimie, nakuambia ukweli, imebaki jina tu, mwalimu hakuna."

"Bio-Chimie ina walimu?"

"Nafasi sasa ni zetu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimeuliza hilo. "Tulilia miaka mingi, sasa ni zetu. Mutoto aje Jumatatu."

Nikatoka pale nimechoka kama mtu aliyebeba gunia. Kutoka ofisini kwake nilipitia nyumbani, nikachota maji, nikapika bukari, yaani ugali, nikaenda stesheni. Walikuwa bado pale. Mke wa mwalimu alipokea, akafunika sufuria kwa sahani, hakusema aksanti. Sikuwa nimekwenda kutafuta aksanti, au labda nilikuwa nimekwenda kuitafuta, kwa maana njiani kurudi niliona imekosekana. Jumapili treni iliondoka, nao wakawa wamekwenda. Habari zao sikuzipata tena.

Jumatatu binti akafanya mtihani. Jumatano tukaitwa.

Prefe alikuwa na karatasi ya mtihani wa binti yangu mezani. Upande wa maswali ya kemia ulikuwa umejaa mpaka pembeni. Upande wa biolojia ulikuwa mweupe. Palikuwa na swali moja lililotaka ataje sehemu za mwili wa mdudu, na hapo alikuwa ameandika neno moja akalikata kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Sijawahi kumwuliza neno gani.

"Mutoto huyu anajua nusu," prefe akasema. "Nusu moja anajua kabisa, nusu ingine ni kama hajaona masomo na macho. Nani alimufundisha? Karatasi yake siioni."

Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Njia nzima nilikuwa nimejifunza kusema: baba yake, marehemu. Wafu hawafukuzwi. Nikasema hivyo.

"Si papa," binti yangu akasema. "Ni mwalimu jirani yetu. Mwenye alikuwa anafundisha hapa. Mulimufukuza."

Hakutaja jina. Hilo alilitii. Lakini alisema "mulimufukuza," na prefe akashika filimbi yake kama mtu anayetaka kusimamisha mchezo. Nilidhani yote yamekwisha, shule imekwisha. Nilitaka kumpiga kofi pale pale, kisha nilitaka kupiga magoti.

Prefe aliiachia filimbi. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, si ile ya nafasi zetu: "Mi sikumufukuza. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja ile chumba pale."

Akafungua daftari kubwa la majina, akapitisha kidole.

"Bio-Chimie siwezi kukuweka. Wataniuliza hii nusu nyeupe."

"Muniweke Chimie," binti akasema.

"Haina mwalimu, nimesema na mama yako."

"Bio-Chimie iko na mwalimu wa biolojia?"

"Iko na katekista. Atafundisha biolojia akimaliza dini."

"Na Math-Physique?"

"Ile… mi mwenyewe nitajaribu."

Binti yangu alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, akajiziba mdomo kwa kiganja. Na prefe, sijui kwa nini, naye akacheka kidogo, akitazama filimbi yake.

"Kama zote hazina mwalimu, papa prefe," binti akasema, "basi muniache kwa ile moja mi najua."

Nilitazama dirishani. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Kwamba kiwanda kinakufa, atakwenda kuyeyusha mawe ya nani? Kwamba labo ya baba yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kwamba wagonjwa hawataisha, ila shaba huenda ikaisha. Kwamba nilitembea siku tatu na karatasi mkononi, na sikutaka mwanamke mwingine atembee hivyo wakati mtoto wangu anajua kusoma. Haya yote yalikuwa kweli, na bado naona yalikuwa kweli. Nikageuka nimwambie prefe hapana, bora asubiri mwaka mmoja, nitamtafutia mtu wa kumfundisha habari ya damu na mapafu.

Lakini nani? Nilizunguka mtaa wetu wote kichwani, mlango kwa mlango, nikitafuta mtu mmoja aliyebaki ambaye angeweza. Sikumpata. Wote niliowawaza walikuwa wamepanda treni, au walikuwa wanaingoja.

Prefe akaniuliza: "Mama, unasema nini?"

"Mwulize yeye," nikasema. "Mimi nilikwisha kukosea mara moja."

"Yeye amesema. Nauliza mzazi."

"Basi na iwe hiyo."

Alifungua ukurasa wa Chimie Industrielle. Ili nisidanganye mtu, nieleze alichotuambia: opsioni ile ilikuwa karibu kufutwa kwa kukosa watoto, na wakubwa wa elimu walitaka kuona majina. Binti yangu hakuingia kwa sababu ya nusu aliyoijua. Aliingia kwa sababu walihitaji jina. Ukurasa wenyewe ulikuwa umeandikwa mwanzoni mwa mwaka wa shule uliovunjika, kwa wino wa buluu, majina mengi. Sasa mengi yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu kwa rula, mstari safi ulionyooka. Ukisoma yaliyopigwa mstari ulijua mara moja ni ya watoto wa wapi. Yaliyobaki yalikuwa machache, yametawanyika.

"Chini hakuna nafasi," prefe akasema, akampa binti kalamu. "Andika hapa juu ya hii. Daftari ingine hatuna."

Binti akainama. Aliandika polepole, herufi ndogo ndogo, akijibana kwenye ile nafasi ndogo kati ya mstari mmoja na mwingine ili asilifunike jina la chini. Prefe akamwambia aandike kubwa, haidhuru. Hakuongeza ukubwa. Alipomaliza, majina mawili yalisomeka, lake na lile lenye mstari mwekundu.

Kisha prefe akanigeuzia daftari ili niweke saini mahali pa mzazi. Mahali pale palikuwa na saini nyingine tayari, ya mama au baba aliyekuja siku moja asubuhi kama mimi, akafikiri, akachagua, akaona amemaliza. Nilianza kusoma lile jina la mtoto wao, herufi tatu za kwanza. Nikaacha. Nilijua nikilisoma lote nitajua ni la watu niliowaona mtaani, au sokoni, au juu ya sanduku fulani pale stesheni, na nikilijua sitaweza kusaini.

Nikasaini pembeni. Darasa lilifunguliwa majuma mawili baadaye, na binti yangu akaenda.